Duka la Samaki wa Mapambo Kisumu Linalowajua Chaza Waliojificha Kwenye Mawe

Kuweka tangi la maji ya chumvi mjini Kisumu kunahitaji moyo, kwa sababu ziwa letu ni la maji baridi na kila kitu cha baharini, kuanzia chumvi hadi mawe, hakina budi kutoka mbali. Ndiyo maana ninalithamini duka dogo la samaki wa mapambo lililo karibu na soko la Kibuye, ambalo huuza mawe hai ya bahari, yaani mawe yenye viumbe wanaoishi juu na ndani yake, kwa uangalifu ambao sijauona kwingine.

Mawe hayo hayauzwi siku yanapofika. Huwekwa kwanza kwenye beseni kubwa lenye pampu, kisha mwenye duka huyamulika kwa tochi usiku, wakati viumbe waliojibanza humo hutoka, na kuandika kwenye kibandiko alichokiona. Nilipokuwa pale alinionyesha jiwe lenye kinundu kilichofunikwa na mwani, ambacho mimi ningedhani ni sehemu ya jiwe lenyewe. Alipopitisha mkono juu ya maji, kivuli kilitosha: kinundu kilijifunga ghafla. Alikuwa chaza mwenye miiba, ambaye ukingoni mwa nyama yake kuna safu ya macho madogo yanayotambua kivuli. Kwenye ufa wa jiwe la pili alikuwamo kombe mwenye minyiri myekundu, anayeweza hata kuogelea kwa kupigapiga magamba yake. Mwenye duka alisisitiza kwamba kombe aliyejishikiza kwa nyuzi asivutwe kamwe, kwani nyuzi hizo zimeota kutoka mwilini mwake na kuzing'oa humjeruhi. Zikatwe kwa wembe karibu na jiwe.

Konokono nao huainishwa. Wale wanaokula mwani huachwa, ilhali konokono weupe wadogo kama punje za mchele, ambao hufyonza majimaji ya kombe na ya konokono wenzao, huondolewa mmoja mmoja. Gamba lolote lenye umbo la pia halishikwi kwa mkono mtupu, na ninaunga mkono msimamo huo, maana baadhi ya konokono wa aina hiyo katika Bahari ya Hindi wana sumu inayoweza kumuua mtu.

Kinachonifanya nirudi zaidi ni ushauri. Mteja mwenye tangi jipya huambiwa waziwazi achague jiwe lisilo na chaza, kwa kuwa wengi wao huishi kwa kuchuja mwani usioonekana kwa macho, na maji ya tangi changa hayana chakula hicho cha kutosha. Kwa tangi lililokomaa, mwenye duka hupendekeza chumvi ya gramu 35 kwa lita, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita ili magamba yaendelee kukua, na joto la nyuzi 25 au 26. Hapa kwetu hita si shida. Shida ni jua la mchana, hivyo feni juu ya maji ni ya lazima. Feni huongeza uvukizi, na kwa kuwa chumvi haivukizwi, maji yaliyopungua hurudishwa kwa maji yasiyo na chumvi wala klorini. Dawa ya samaki yenye shaba isitiwe kabisa, kwani huua chaza na konokono. Chaza anayebaki wazi hata akiguswa amekufa, naye aondolewe saa ileile kabla amonia haijapanda na kuwadhuru samaki.

Nina malalamiko mawili, na la kwanza ni zito. Chupa za mwani hai wa kulishia hupangwa kwenye rafu ya wazi, katika joto la Kisumu, ilhali bidhaa hiyo hustahili kukaa kwenye friji; mwani uliokufa haumlishi chaza, bali huchafua maji. Mimi sinunui chakula hicho pale hadi hali ibadilike. La pili ni kwamba vipimo vya kalsiamu huadimika mara kwa mara, jambo linalomwacha mteja na ushauri mzuri asioweza kuufuata.

Bei ya mawe iko juu, lakini kazi ya kuyakagua inaonekana, nami huilipa bila kinyongo. Ni vyema kwenda asubuhi na ndoo yenye kifuniko, kwani mawe husafirishwa yakiwa majini na duka halitoi vyombo.