Queen's Sconce, Newark: anza na handaki, usikimbilie juu

Kwa anayetaka kuelewa jinsi udongo ulivyohimili mizinga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, sijaona mahali panapofundisha vizuri kuliko Queen's Sconce. Ni boma la udongo na changarawe lililojengwa na wafuasi wa Mfalme Charles I kulinda upande wa kusini wa mji wa Newark. Lina ukubwa wa zaidi ya ekari 3, na kuingia ni bure.

Wageni wengi hupanda juu moja kwa moja, wakakosa jambo lenyewe. Shuka kwanza kwenye handaki, ambalo upana wake unafika mita 21, ulizunguke lote. Boma lina pembe nne zilizochomoza kama vichwa vya mishale. Simama chini kati ya pembe mbili: popote utakapokaa, ubavu wa pembe moja unakuona. Adui aliyefika chini ya tuta hakuwa na pa kujibanza. Aliyewahi kutembea Fort Jesus, Mombasa, atautambua mpango huo, ila kule ni mawe.

Na mawe yana hasara yake. Tufe la mzinga likigonga ukuta wa mawe, vipande huruka na kuua walinzi; likigonga udongo, linazama, na tundu linazibwa usiku huohuo kwa sepetu. Udongo wa tuta ulitoka handakini, kwa hiyo kila sepetu iliongeza kina na kimo kwa pamoja. Adui mkubwa wa kazi hii ni mvua: changarawe huporomoka, mteremko hulala, na mshambuliaji anapata njia ya kupandia. Ndiyo maana matuta ya zama zile yalivikwa mabonge ya nyasi na kuchomekwa vigingi vyenye ncha.

Newark haikuwahi kutekwa kwa nguvu. Ilisalimishwa Mei 1646 kwa amri ya mfalme mwenyewe.

Nenda asubuhi ya baridi yenye jua. Nyasi huwa fupi, na mwanga wa ubavuni huchora kila ukingo; kiangazi majani huficha umbo. Vaa viatu vya kushika tope, na tafadhali usipande kwenye miteremko, kwani nyayo huibomoa. Kinachonisikitisha ni King's Sconce, boma pacha la upande wa pili wa mji: lilisawazishwa karne ya 19. Kabla ya kwenda bomani, pitia National Civil War Centre, makumbusho ya vita hivyo iliyopo mjini.