Kufungiwa sabufa mbili Gerezani: boksi lililozibwa vizuri na kasoro moja

Nilipeleka boksi langu katika karakana moja ya mafundi spika iliyopo mtaa wa Gerezani, jirani na Kariakoo, Dar es Salaam, baada ya kuvumilia kwa miezi kadhaa besi yenye kelele nyingi na isiyo na uzito. Ni boksi la mbao za MDF (mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi) za milimita 18, lina chumba kimoja chenye sabufa mbili za inchi 12, na hukaa nyuma ya gari. Fundi aliyelitengeneza mwanzo alikaza kila sabufa kwa skrubu nne ilhali fremu ina matundu manane, wala hakuweka chochote kati ya fremu na mbao. Kila besi nzito ilipopigwa ulisikika mluzi mwembamba pembeni, nami nikaamini kwamba koni, ule uso wa sabufa unaotikisika, imechanika.

Fundi wa Gerezani hakunishawishi ninunue sabufa mpya. Aliweka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni ya sabufa ya kwanza, akaisukuma ndani taratibu bila kuipinda, na ile ya pili ikatoka nje kidogo kisha ikarudi mara moja mahali pake huku yeye bado ameishikilia ya kwanza. Alinieleza kwamba boksi likizibwa barabara, hewa iliyofungiwa ndani huwa kama springi, kwa hiyo koni ya pili ingebaki nje au ingerudi polepole sana. Ndiyo kanuni ambayo Edgar Villchur wa Marekani aliitumia mwaka 1954 katika spika ya AR-1, akapata besi nzito kutoka katika boksi dogo. Hewa ikivuja, springi hiyo hulegea, koni husafiri mbali kuliko inavyostahili, na mluzi hutokea pale pale hewa inapopenya.

Alipozifungua tulikuta chanzo. Tundu la sabufa ya inchi 12 kwa kawaida hukatwa karibu milimita 280, ili fremu ipate mbao ya kukalia. Langu lilikuwa limekatwa kupita kiasi upande mmoja, na skrubu zilikuwa zimekwisha kuitafuna MDF. Aligandisha pete ya plaiwudi kwa ndani, akagonga nati zenye meno nyuma yake ili boliti zisitegemee mbao, kisha akapaka gundi nyeupe ya mbao katika viungo vyote na kwenye kingo zilizokatwa, kwa kuwa MDF isiyopakwa kitu hunyonya unyevu wa hapa pwani na kuvimba. Boksi lililala kwake siku mbili gundi ikikauka, jambo lililonipa imani zaidi kuliko haraka ya wengine.

Chini ya fremu aliweka mkanda wa sponji isiyopitisha hewa. Nilimwuliza kwa nini hakutumia silikoni, akasema kwamba silikoni huigandisha sabufa hata siku ya kuitoa ukaharibu mbao, na ile yenye harufu ya siki hutoa tindikali inayoweza kula shaba ya waya kabla haijakauka. Boliti alizikaza kwa bisibisi ya mkono, akivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ili mkanda ubanwe sawasawa.

Kisha akawasha kijiti cha ubani, akapiga mlio wa hezi 30 na kukipitisha kando ya kila kiungo. Moshi ulitikisika kwenye kibanio cha waya cha nyuma. Alikifungua, akakiwekea mkanda, akarudisha waya na kupima tena, na safari hii moshi ukapanda wima.

Hapo ndipo ilipo kasoro. Nilipofika nyumbani besi ilikuwa imepotea karibu yote, kwa sababu alipofungua kibanio alirudisha waya za sabufa moja kinyume, chanya mahali pa hasi. Koni moja ilikuwa ikiingia wakati nyingine ikitoka, shinikizo ndani ya boksi likawa linajifuta, na ndiyo maana moshi ule haukutikisika: haukuthibitisha chochote. Kupima kila sabufa kwa betri ya volti 1.5, na kuangalia kama koni zote mbili zinasogea nje, kungechukua dakika moja, na nadhani kipimo hicho kilipaswa kutangulia kile cha ubani. Niliporudi alikiri kosa bila ubishi, akafungua kibanio, akapima kwa betri mbele yangu, akarudia ubani, na hakudai malipo.

Gharama yake ilizidi ile ya fundi wa kwanza, nami naona ilistahili. Mluzi umekwisha, na gitaa la besi sasa linasikika noti kwa noti hata sauti ikiwa ndogo. Ukienda huko, omba kipimo cha betri kabla boksi halijapakiwa garini.