Mhogo wa nta soko la Jumapili, Brussels: sinunui tena (labda)

Soko la Jumapili pale stesheni ya treni ya Gare du Midi ni zuri. Nalisema mapema, maana nikifika kwenye mhogo sitalisema tena. Nanaa na giligilani ni mafungu manono kwa bei ya kutupa, zeituni unaonjeshwa kabla hujapimiwa, na mchana soko likikaribia kufungwa wauza matunda wanashusha bei ya kasha zima huku wakipiga makelele.

Sasa mhogo. Mwingi ulioko mezani unatoka Costa Rica, umepakwa nta. Nta si urembo. Mhogo ukishachimbwa, hewa huingia kwenye michubuko na ndani ya siku mbili tatu nyama inaanza kupiga mistari ya bluu na nyeusi. Nta inaizuia hewa, ila nta hiyohiyo inaficha ganda, kwa hiyo macho hayakusaidii. Dawa ni kuvunja ncha. Mzima unakatika kwa mlio, ndani mweupe pe. Ukiona nyuzi za kijivu, au ukipinda badala ya kukatika, rudisha.

Nikamwomba yule bwana muuzaji anivunjie ncha. Akaninyang'anya mhogo mkononi, akautupa kwenye kasha, akasema mbele ya foleni nzima kwamba ukivunja umenunua, na kama sina hela nisishikeshike vitu vya watu. Kwa mhogo! Muuzaji anayejiamini anauvunja mwenyewe hata hujaomba. Kilo mbili alizonichagulia kwa mkono wake, zaidi ya nusu zilikwenda kwenye taka. Pale penye mistari hapaivi, uchemshe mpaka gesi iishe.

Ukilazimika kununua, nenda asubuhi. Mwisho wa soko bei ya mhogo ikishuka usishangilie, iliyobaki ni ile iliyokataliwa na wenzako. Chagua usio na ufa kwenye nta, bonyeza ncha zote mbili, unuse. Ukisikia uchachu, achana nao. Hakikisha mizani inasoma sifuri kabla muuzaji hajaweka kitu. Na yale mabakuli ya bei moja, mwombe amimine taratibu uone cha chini, kwa sababu mazuri yote yamepangwa juu.

Nyumbani menya siku hiyohiyo: ganda la kahawia pamoja na lile nene la chini yake, kata vipande, toa uzi wa katikati, gandisha. Ukipika usiuyeyushe kwanza, utalainika ovyo. Utie kwenye maji yanayochemka ukiwa barafu.

Au nenda maduka ya Matonge, mtaa wa Waafrika hapohapo Brussels, ukachukue uliomenywa na kugandishwa tayari. Bei iko juu, lakini hutukanwi.

Nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya wauza nanaa. Ingawa Jumapili ijayo nahitaji nanaa, na meza za mhogo ziko nyingi, si ya yule peke yake. Atakayekubali kunivunjia ncha namchukulia kilo tano.