Kuzamisha Majini au Kuanika Nje: Njia Mbili za Kupima Kinga ya Mbao Dhidi ya Maji

Mbao zilizotiwa dawa ya shaba haziozi upesi wala haziliwi ovyo na mchwa, lakini bado hunywa maji, huvimba na kupasuka. Ndiyo maana huongezewa nta au mafuta ya kuzuia maji, na kinga hiyo hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuzamisha vipande viwili vyembamba vya ubao uleule, kimoja kilichotiwa kinga na kingine kitupu, kisha kulinganisha uvimbe na uzito wake. Majibu hupatikana upesi, ila huonyesha tu kasi ya maji kuingia, kwa kuwa hata kipande chenye kinga kikikaa majini muda wa kutosha hulowa. Ya pili, ambayo naiamini zaidi, ni kuacha mbao juani na mvuani kwa miaka kadhaa. Huko miale ya jua huvunja lignini (gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti) ya uso wa ubao, matone yaliyokuwa yakisimama kama shanga huanza kutandaa, na nyufa hujitokeza, hasa kwenye ncha, ambako maji hupenya kwa kasi kuliko ubavuni. Kuzamisha kunatosha kuchuja kinga dhaifu. Anayejenga uzio adai matokeo ya nje.