App ya kusoma kwa sauti: nzuri, ila uichezee setingi kwanza

Jamani hii app ya kukusomea vitabu na PDF kwa sauti, ukiidownload tu na kubonyeza play utaichukia, sauti inakokota kama redio yenye betri zimeisha, ila sio kosa lake sana maana yenyewe haina sauti, inaazima injini ya sauti (programu inayogeuza maandishi kuwa sauti) iliyopo kwenye simu, kwa hiyo nenda kwenye setingi za simu upande wa ufikivu (Accessibility), pakua data ya sauti ya Kiswahili kabisa ili isome hata bila bando, halafu urudi upandishe spidi kidogo. Mi naweka 1.3, pichi (wembamba au uzito wa sauti) siigusi maana ukiipandisha inakua katuni.

Kilichonikosha ni sehemu ya kurekebisha matamshi. Unaiambia ikikuta "k.m." isome "kwa mfano", "Dkt." isome "daktari", na yale manamba ya kurasa kwenye PDF unaiambia iyaruke. Inachosha kuandika moja moja lakini baada ya hapo kitabu kinasikilizika kweli.

PDF ya kuskani usijisumbue, ile ni picha tu, haina maandishi ya kusoma mpaka uipitishe kwenye OCR, yaani programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi yenyewe. Na ikikata ukizima skrini, itoe kwenye orodha ya app zinazobanwa kuokoa chaji. Taima ya kulala ipo, pause kwa kitufe cha earphone ipo. Matangazo ndo kero, yanaruka katikati ya sura alafu kwa sauti kubwa! Nyota nne.