Paneli za sola kwa gari la kulalia: ipi ununue, na uifungeje juu ya paa

Anayetafuta paneli za sola za gari la kulalia kwa kawaida huanza kwa kuuliza wati, na muuzaji hujibu upesi kwa sababu wati ndizo zinazouzika. Swali linalostahili kutangulia ni la ukubwa wa paa. Paa la gari lina matundu ya hewa, feni, pengine kiyoyozi, lina migongo ya bati isiyolingana, na tena husafiri kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huku upepo ukitafuta pa kupenya. Panda juu na futikamba kabla ya kutoa fedha, uchore paa kwenye karatasi pamoja na kila kilichosimama juu yake, kisha uweke alama mahali ambapo vivuli vya vitu hivyo huangukia asubuhi na alasiri. Eneo linalobaki ndilo unalonunulia paneli.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya matumizi ina maana. Friji ya kompresa ya volti 12 ikitumia ampea-saa 40 kwa siku inakula takriban wati-saa 480; ukiongeza taa, pampu ya maji, feni na kuchaji simu na kompyuta, unakaribia wati-saa 700. Paneli za jumla ya wati 200, zikipata jua linalolingana na saa tano za nguvu kamili, hutoa wati-saa 1,000 kwenye karatasi, lakini joto, vumbi, kulala bapa na upotevu wa nyaya huweza kula karibu asilimia 30, ukabaki na zile 700 ulizozihitaji, bila akiba yoyote kwa siku ya mawingu. Ndiyo maana mwenye friji ningemshauri aanzie wati 300, na asiye nayo atosheke na wati 100 hadi 150.

Chaguo la kwanza: paneli ngumu ya kioo, aina ya mono

Kwa magari mengi hili ndilo jibu, na yanayofuata ni ya hali maalumu. Paneli za seli za mono, yaani zilizokatwa kwenye fuwele moja ya silikoni, zinazouzwa sasa hugeuza kuwa umeme takriban asilimia 20 hadi 23 ya nishati ya jua inayoziangukia, kioo chake kigumu huvumilia mvua ya mawe ya kawaida, na fremu yake ya aluminiamu huipa mahali pa kushikwa kwa bolti. Ya wati 100 ina urefu wa karibu mita moja na upana wa nusu mita, na uzito wa kilo 6 hadi 8. Sifa ambayo wanunuzi huisahau ni kwamba fremu huiinua paneli kutoka kwenye bati, hewa ikapita chini yake. Wati zinazoandikwa kwenye kibandiko zimepimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Seli zikifika nyuzi 65 juani, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, umekwisha kupoteza kati ya asilimia 12 na 16. Paneli isiyo na nafasi ya hewa hupata joto zaidi ya hapo na kupoteza zaidi.

Chaguo la pili: paneli ya nyumbani kwa paa kubwa

Paneli ya wati 400 iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba ina urefu wa takriban mita 1.7, upana wa mita 1.1 na uzito wa kilo 20 na ushei, na kwa kila wati huwa rahisi kuliko zile zinazouzwa kwa jina la paneli za magari. Mwenye gari refu na paa lisilo na vikwazo afikirie hii kwa dhati. Volti zake, hata hivyo, ni kubwa mno kwa kidhibiti chaji (kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri) cha bei rahisi, hivyo lazima inunuliwe pamoja na kidhibiti cha MPPT, aina iliyoelezwa hapa chini. Soma pia volti ya juu kabisa inayoruhusiwa na kidhibiti: paneli moja yenye volti 37 ikiwa haijaunganishwa na kifaa chochote inaingia salama kwenye kidhibiti cha volti 50, lakini mbili zikifuatana kwa mfululizo, volti zake zikajumlishwa, zitakiunguza. Asubuhi ya baridi kali volti hupanda kuliko ilivyoandikwa, kwa hiyo acha nafasi.

Chaguo la tatu: paneli ya kukunja

Hii huwekwa chini kwa waya mrefu, gari likiwa kivulini na paneli ikiwa juani, na huweza kugeuzwa kulifuata jua. Kwa anayekaa siku kadhaa mahali pamoja penye miti ni msaada mkubwa, hasa ikiongezwa kwenye paneli ndogo ya paani. Udhaifu wake ni kwamba haichaji gari likiwa safarini, upepo huibeba, na mwizi pia.

Chaguo la nne: paneli ya kupinda

Nimeiweka mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo inayovutia macho zaidi. Ni nyepesi, kilo 2 au 3 tu kwa wati 100, na ikigandishwa haionekani kutoka barabarani. Lakini iliyogandishwa moja kwa moja kwenye bati haina pa kutolea joto, na kila inapokunjwa au kukanyagwa seli zake huweza kupata nyufa ambazo jicho halizioni. Ikifa, kuibandua bila kuharibu rangi ni kazi ya siku nzima. Ina haki yake kwenye paa la kuinuka lisiloruhusu uzito, au paa lenye mviringo mkubwa. Kwa hali hizo tafuta yenye ngozi ya plastiki ya ETFE badala ya ile ya PET, ambayo hufifia na kuchakaa mapema juani.

Paneli za aina ya poli, yaani za seli zenye fuwele nyingi, sizipi nafasi. Zinahitaji eneo kubwa zaidi kwa wati zilezile, na eneo ndilo usilokuwa nalo.

Kidhibiti chaji

Kidhibiti cha PWM, ndicho kile cha bei rahisi, huishusha volti ya paneli hadi iwe karibu na ya betri: paneli ya wati 100 yenye volti 18 na ampea 5.5 ikiingia kwenye betri ya volti 13 hutoa wati 72 hivi. MPPT huigeuza ile tofauti ya volti kuwa ampea za ziada, na kwa zaidi ya wati 100 sioni sababu ya kununua PWM. Mwenye betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ahakikishe pia kwamba chaji hukatwa betri inaposhuka chini ya nyuzi sifuri, kwa kuwa kuichaji katika baridi hiyo huiharibu.

Kufunga

Kama gari lina keria, funga paneli kwenye keria kwa mabano na nati zisizolegea, na usitoboe paa kabisa. Bila keria, reli mbili za aluminiamu zilizoshikwa kwenye sehemu imara za paa ni bora kuliko mabano manne yaliyotawanyika, kwa sababu hukuruhusu kubadilisha paneli baadaye bila kugusa bati. Pembe za plastiki za kugandisha hushika vizuri zikitumiwa pamoja na gundi ya polyurethane ya magari, kama Sikaflex. Silikoni ya bafuni si gundi ya kazi hii. Gundi haiwezi kushika kwa nguvu kuliko rangi iliyo chini yake, kwa hiyo rangi inayobambuka iondolewe kwa msasa, bati lisafishwe kwa spiriti na kupakwa praima. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na katika hewa kavu huchelewa. Ipe angalau siku mbili kabla ya kuingia barabara kuu.

Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 5 chini ya paneli, na usiuache ukingo wa mbele ukiwa juu kuliko wa nyuma, kwa maana upepo utaingia chini na kuinyanyua. Tundu la waya likitobolewa, kingo zake zipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa kwa kisanduku cha kupitishia waya na kuzibwa. Pima upya kimo cha gari na ukibandike mbele ya dereva.

Kivuli cha bomba dogo kikilala juu ya seli chache huweza kuzima nusu ya paneli, na paneli zilizounganishwa kwa mfululizo hubeba hasara hiyo pamoja. Juu ya gari, ambako kivuli hakikosekani, mimi huunganisha paneli ndogo za volti 18 kwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zikifika tatu, kila moja iwe na fyuzi yake, kwa sababu ikitokea hitilafu katika moja, umeme wa zile nyingine humiminika ndani yake. Waya wa milimita mraba 6 hutosha kwa wati 200 kwenye umbali wa kawaida wa gari. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, kwenye waya chanya unaotoka kwenye kidhibiti. Unganisha betri na kidhibiti kwanza, paneli mwisho, na wakati wa kufungua anza na paneli. Baada ya kilomita mia chache za kwanza panda tena na spana, kwa kuwa mtikisiko wa barabara hulegeza hata bolti iliyokazwa vizuri.