Sanaa ya Çatalhöyük: ukutani na kiganjani
Miaka 9,000 hivi iliyopita, wakulima wa Çatalhöyük, Uturuki, walichora kuta na kufinyanga visanamu. Mchoro ulikuwa wa nyumba: fahali mwitu mwekundu, watu wadogo wamemzunguka, baadaye unapakwa lipu nyeupe, pengine unachorwa mwingine juu yake. Chini ya sakafu ya nyumba hiyohiyo walilala wafu wao. Ukiteremka kwa ngazi kutoka paani, nadhani ukuta ulikuambia umeingia kwa nani.

Visanamu ni habari nyingine: vya kushika mkononi, vingi vya wanyama, vingi vimeokotwa jalalani. Kimoja, cha mama mnene aliyeketi katikati ya chui wawili, kilikutwa kwenye kihenge cha nafaka mwaka 1961, kikaitwa mungu. Mimi nasita, kwani visanamu vingine vingi vilitupwa pamoja na majivu.